Jumuiya, Kwaya na Cherehani: Vikundi Vidogo Vinavyojenga Kanisa

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ni kundi la familia za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmojawapo ili kusali, kusoma Neno la Mungu na kushughulikia mambo yanayowagusa kama majirani. Katika Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki hiyo ndiyo ngazi ya chini kabisa. Juu yake ipo kanda au kigango, kisha parokia, kisha jimbo. Walutheri wa Tanzania nao wana jumuiya ndani ya usharika, na Wapentekoste wengi wana makanisa ya nyumbani. Sambamba na vikundi hivyo vya mtaa kuna vikundi vya vipaji na kazi za mikono: kwaya, ushonaji, ufumaji, mapishi, ngoma, mpira wa miguu. Vile vya mtaa humpata mtu kwa sababu ya anapoishi. Hivi vya vipaji humpata kwa sababu ya anachokipenda. Kanisa linalotaka waumini wake wafahamiane linavihitaji vyote.

Haja hiyo inatokana na ukubwa. Parokia ya mjini inaweza kuwa na maelfu ya waumini na misa tatu au nne kila Jumapili. Mtu anaweza kusali hapo miaka mingi, akakaa benchi lile lile, na aliye kando yake asijue jina lake. Akilazwa hospitali hakuna atakayeuliza yuko wapi. Paroko au mchungaji, hata awe mwenye bidii kiasi gani, hawezi kuzipitia nyumba zote hizo peke yake.

Wazo la kuwagawa waumini katika makundi madogo ni la zamani. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol, Uingereza, wafuasi wa mhubiri John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Mmoja wao akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Iliposemwa kwamba wengine ni maskini mno, akajitolea kukabidhiwa kumi na mmoja walio maskini kuliko wote: atawapitia kila wiki, na asiyekuwa na kitu atamlipia yeye. Wengine wakafuata mfano wake. Katika kupita nyumba hadi nyumba wakaanza kujua nani anaumwa, nani amekata tamaa, nani mwenendo wake umeharibika. Wesley akaona kwamba kujuana huko kuna thamani kuliko peni zenyewe, na kundi la watu wapatao kumi na wawili likawa nguzo ya Umethodisti, dhehebu lililofika pwani ya Kenya mwaka 1862 na kuweka kituo Ribe, karibu na Mombasa.

Afrika Mashariki ilipata somo lake yenyewe katika miaka ya 1930, pale uamsho wa kiroho ulipoanza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wa uamsho huo, walioitwa Walokole, walikutana mara kwa mara katika vikundi vya ushirika, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao na kusameheana, watu wa makabila mbalimbali pamoja na wamisionari wa Kizungu. Wengi wao hawakuhama madhehebu yao. Walichoyaachia makanisa ni desturi ya kukutana nje ya ibada ya Jumapili na kuitana ndugu kwa dhati.

Kwa upande wa Wakatoliki, safari ilianzia Kongo. Mwaka 1961 maaskofu wa nchi hiyo waliamua kwamba uchungaji ujengwe juu ya jumuiya hai badala ya kutegemea misheni kubwa zenye shule na hospitali. Joseph Malula, aliyekuja kuwa Kardinali wa Kinshasa, aliusimamia mwelekeo huo kwa miaka mingi. Huko Kivu, waumini wanaosema Kiswahili huziita jumuiya hizo shirika. Katika muongo huo huo, kaskazini mwa Mara nchini Tanzania, mtafiti Marie-France Perrin Jassy alichunguza makanisa huru ya Kiafrika miongoni mwa Wajaluo. Alitaka kujua kwa nini watu wanavutwa na makanisa madogo yasiyo na majengo wala fedha. Mambo aliyoyakuta yaliwapa wachungaji wa Kikatoliki cha kufikiria: katika makundi hayo kila mtu alijulikana, kila mtu alikuwa na wajibu, na shida ya mmoja ilikuwa shida ya wote.

Uamuzi rasmi ulifuata. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 1961, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, wakazifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika ukanda wote. Tanzania ilikuwa na udongo uliokwisha kulimwa, kwa kuwa watu walizoea mabalozi wa nyumba kumi na vijiji vya ujamaa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi ya wenzake: alihamia kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Mwaka 1994 Sinodi ya Afrika ililieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu, na jumuiya ya mtaani ikaonekana kuwa mahali ambapo familia hiyo inaishi kila siku.

Mkutano wa kawaida hauchukui muda mrefu. Mijini wengi hukutana alfajiri kabla ya kazi au jioni. Vijijini saa hutegemea shamba. Nyumba hubadilishwa kwa zamu, jambo lenye maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila familia hupata siku yake ya kupokea wageni, hata yenye chumba kimoja na mkeka. Njia ya kusoma Injili inayotumika sana ni ile ya hatua saba iliyotungwa na taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na mapadri Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao baadaye walikuwa maaskofu. Kikundi humkaribisha Bwana kwa sala, kisha somo husomwa. Kila mmoja huchagua neno au kifungu kilichomgusa na kukitaja polepole, mara mbili au tatu. Hufuata kimya. Baada ya kimya watu hushirikishana walichosikia moyoni, bila kuhubiriana na bila kubishana. Hatua ya sita huuliza kikundi kinatumwa kufanya nini wiki hiyo, na ya saba ni sala.

Hatua ya sita ndiyo roho ya mambo yote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Hapo ndipo hutajwa mjane ambaye paa lake linavuja, mtoto aliyeacha shule kwa kukosa daftari, vijana wawili wa jirani wasiosalimiana. Kikundi kinachokata shauri na kutekeleza kabla ya wiki kwisha hujenga imani ya watu haraka. Kikundi kinachosoma, kusali na kutawanyika hufifia bila mtu kujua siku kilipokufa.

Kipimo cha jumuiya huonekana kwenye msiba. Wanajumuiya ndio hufika kwanza nyumbani kwa wafiwa. Wanawake hushika jiko, wanaume husimamisha turubai na kutafuta viti, mweka hazina hukusanya rambirambi, na sala za jioni huendelea hadi matanga yaanuliwe. Kwa mtu aliyehamia mjini akaacha ukoo wake mbali, jumuiya huwa ndio ukoo. Nyingi zina pia mfuko wa kusaidiana, na baadhi zimeanzisha vikundi vya kuweka na kukopa.

Fedha hizo hizo zimezisumbua jumuiya. Kwa kuwa ni njia rahisi ya kuwafikia waumini wote, parokia nyingi huzipitishia kila mchango: ujenzi, zaka, ziara ya askofu, gari la paroko. Ajenda ikijaa michango, asiye na fedha huona aibu kufika, na huyo ndiye anayeihitaji jumuiya kuliko wengine. Mahali pengi pia, anayetaka ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi ya kanisani hutakiwa kuthibitishwa na viongozi wa jumuiya yake. Utaratibu huo unaeleweka, maana padri hawezi kumjua kila mtu. Hata hivyo unaweza kugeuza jumuiya kuwa ofisi ya vibali, ambako watu huja kupigiwa muhuri na kuondoka. Tatizo la tatu linajulikana na kila katekista: wanaohudhuria wengi ni akina mama. Wanaume na vijana huonekana kwa uchache.

Hapa ndipo vikundi vya vipaji vinapoingia. Kijana asiyekwenda jumuiya hata kwa kubembelezwa hufika mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki bila kuitwa. Kwaya ndiyo shule kubwa ya bure ambayo makanisa ya Afrika Mashariki yamewahi kuiendesha. Anayejiunga hupimwa sauti na kupangwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Hufundishwa kusoma nota za do, re, mi, mfumo uliotungwa Uingereza na Sarah Glover, ukaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na ambao hadi leo huandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kwaya. Wengine hujifunza kinanda hapo hapo kwa kukaa karibu na mpigaji. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango kwa lugha za watu na ngoma zao, watunzi walipata uwanja mpana. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alikuwa tayari ameandika juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963.

Uzuri wa kwaya ni kwamba sauti moja haitoshi. Besi akichelewa wote hungoja. Wa sauti ya kwanza akijitanua wimbo huharibika. Watu hujifunza kusikilizana bila kuhubiriwa kuhusu kusikilizana. Kisha kuna mambo yanayozunguka uimbaji: kuchanga kwa ajili ya sare, kusafiri kwa basi hadi parokia nyingine, kumwimbia mwenzao siku ya harusi, kumzika mzazi wa mmoja wao. Katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliunda kwaya zilizopewa majina ya barabara walizoishi, na ya Barabara ya 13 ikajulikana Tanzania nzima.

Darasa la ushonaji huwavuta watu wengine kabisa. Ukumbi wa parokia, cherehani tatu za mguu na fundi mmoja mwenye subira vinatosha kuanza. Wanafunzi huanza na mshono ulionyooka kwenye kitambaa chakavu, kisha kupima, kukata, kutia zipu na kola. Wateja wa kwanza wako mlangoni: kwaya inataka sare, watumikiaji wa altareni wanataka kanzu, altare inataka vitambaa. Mtu aliyekaa kimya kwenye jumuiya miezi kadhaa huongea akiwa na sindano mkononi, kwa sababu macho ya watu yako kwenye kitambaa na si usoni pake. Mlango wa darasa hili huwa wazi hata kwa jirani wa dini nyingine, ambaye asingeingia mahali pa sala. Ufumaji, mapishi na uokaji mikate hufanya kazi ile ile.

Masomo ya kusoma na kuandika yameonyesha jinsi darasa linavyoweza kuzaa jumuiya. Mothers' Union, chama cha Kianglikana kilichoanzishwa na Mary Sumner nchini Uingereza mwaka 1876, kilianzisha mpango wa kisomo Burundi, Malawi na Sudan mwaka 2000. Wanafunzi hukaa kwa duara na kujadili mambo ya maisha yao, kama maji, afya ya watoto na bei sokoni, huku wakijifunza herufi zinazoyaandika. Wanaohitimu wana wenzao wa kushauriana nao hata baada ya kitabu kufungwa.

Vikundi vya aina hii vina udhaifu wake. Kwaya yaweza kujiona kanisa ndani ya kanisa, ikamgomea paroko au kugombana na kwaya ya pili juu ya nani aimbe Pasaka. Darasa hufa fundi akihama, ikiwa hakuandaa wa kumrithi. Mashine hupotea zisipoandikwa kwenye daftari la mali. Dawa ya mengi ya hayo ni uongozi wa kupokezana wenye muda maalumu, hesabu zinazosomwa mbele ya wote, na sharti kwamba kila mwanakwaya na kila mwanafunzi awe pia mwanajumuiya wa mtaa wake. Kwa njia hiyo kijana aliyekuja kwa sababu ya gitaa hukutana na bibi mgonjwa wa nyumba ya tatu, na jumuiya nayo hupata wa kuongoza wimbo. Kikundi kikizidi ukubwa wa sebule kigawanywe, hata kama wanachama hawapendi kuachana, kwa sababu kwenye umati wale wanyonge hurudi kunyamaza.

Muumini ambaye bado hajulikani mtaani kwake anaweza kuanza wiki hii. Amuulize katekista au mwinjilisti jumuiya yake inakutana nyumbani kwa nani na saa ngapi, na kama kuna kitu anachokijua, kushona, kuoka au kupiga kinanda, aseme anaweza kukifundisha.