Ndugu ni Nani Mbele ya Sheria?

Katika Kiswahili neno "ndugu" lina nafasi ya watu wengi. Aliyezaliwa tumbo moja nawe ni ndugu. Mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo ni ndugu. Mtu wa kwenu mliyekutana ugenini ni ndugu. Na wazee wa zamani walichanjiana wakawa ndugu ingawa hawakuwa na babu mmoja. Sheria ya Kenya haina ukarimu huo. Inapofika saa ya kugawa mali ya marehemu, kwanza yataka kujua baba ni yupi na mama ni yupi.

Jambo hili lafaa lijulikane sana katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, mfano wa Mowlem, ambayo pamoja na Umoja na Kariobangi Kusini imo katika jimbo la Embakasi Magharibi. Huko watu waliotoka pande mbalimbali za nchi wamejenga nyumba za ghorofa za kupangisha katika viwanja vidogo. Shamba la nyumbani aghalabu lina wazee wanaojua mpaka wake na mwenyewe. Lakini nyumba ya mjini huleta kodi kila mwezi, na kodi haingoji kikao cha wazee. Mwenye nyumba akifa leo, kabla ya mwezi kwisha wapangaji wataulizana walipe kwa nani.

Msomaji na achukue mfano huu, ambao si kisa cha mtu fulani. Mtu mmoja alijenga nyumba ya ghorofa Mowlem. Hakuoa wala hakupata mtoto, na wazazi wake walikwisha kufa. Baba yake alikuwa na wake wawili. Kwa mama yake walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake, ambaye ameolewa mbali. Kwa mama wa pili walizaliwa wavulana watatu. Wote walikua katika boma moja, wakala chungu kimoja, na mmoja wa wale watatu ndiye aliyesimamia mafundi siku za kujenga na kukusanya kodi baadaye. Mwenye nyumba akafa bila kuacha wosia. Nyumba ni ya nani?

Watu wengi watajibu kwamba ni ya ndugu wote wanne, au kwamba ni ya wale wanaume watatu, kwa kuwa dada ameolewa. Majibu yote mawili ni makosa. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, imepanga foleni katika kifungu cha 39 kwa ajili ya mtu asiyeacha mke, mume wala mtoto. Wazazi hutangulia. Wasipokuwapo, huja ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, pamoja na watoto wa ndugu wa namna hiyo waliokwisha kufa. Ndugu wa upande mmoja tu, yaani waliochangia baba peke yake au mama peke yake, hukaa nyuma yao, na zamu yao haifiki maadamu yuko hata mmoja wa wale wa mbele. Kwa hiyo nyumba yote ni ya dada. Na lau dada angekuwa amekufa na kuacha mtoto mmoja, mtoto huyo angewatangulia wajomba zake watatu.

Hukumu hiyo yaweza kuonekana kali, na kwa yule aliyesimamia mafundi ni kali kweli. Lakini ajabu ni kwamba watu hao hao watano, siku ya kugawa mali ya baba yao, hawakuwa na tofauti hiyo. Mbele ya mali ya baba wao ni watoto, si ndugu, na kifungu cha 38 chasema kwamba kama hakuna mjane mali hugawanywa sawa kwa watoto wote. Baba akiacha wajane wa nyumba mbili, kifungu cha 40 huhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mjane wa nyumba ile kama hesabu moja zaidi, ndipo mali ikagawanywa kwa nyumba. Binti hapunguziwi kwa sababu ataolewa au ameolewa. Hilo lilithibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2005 katika shauri la Rono, ambalo mawakili hulitaja mpaka leo.

Tena sheria yaweza kuwafanya watu kuwa ndugu bila damu. Kifungu cha 3 chasema kwamba mtoto wa mwanamume ni pamoja na yule aliyemkiri, au aliyemkubali kwa vitendo kuwa wake, au aliyejitwalia kwa hiari yake mzigo wa kumlea daima. Mtoto wa namna hiyo hukaa sawa na wengine mbele ya mali ya baba, hata wakimnong'onea kwamba si wa ukoo. Mtoto wa kuasili kwa amri ya mahakama pia huhesabiwa kama mzaliwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2022, ilitamka wazi kwamba aliyeasiliwa na mume na mke pamoja ni ndugu kamili wa watoto wao wote wawili. Aliyelelewa tu bila amri ya mahakama na bila kukubaliwa kuwa mtoto hana nguvu hiyo. Vivyo hivyo watoto wawili walioletwa na mume na mke kila mmoja kutoka ndoa yake ya kwanza: waweza kuitana kaka na dada maisha yao yote, lakini foleni ya kifungu cha 39 haiwataji kuwa ndugu.

Katika kuoana, sheria hugeuka na kupanua mkono. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 humkataza mtu kumwoa ndugu yake, na kuchangia mzazi mmoja tu kwatosha kuizuia ndoa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 huhesabu hata ndugu wa kuasili. Basi yule asiye ndugu wa kutosha kurithi ni ndugu wa kutosha kukatazwa ndoa.

Kwa Waislamu mambo ni mengine, kwani mirathi yao hufuata sheria ya dini. Lau mwenye nyumba wa Mowlem angekuwa Mwislamu, dada yake angepata nusu, na ndugu watatu wa kwa baba wangegawana nusu iliyobaki. Ndugu wa kwa mama pia wana fungu lao lililotajwa katika Kurani: sita moja akiwa peke yake, thuluthi wakiwa wawili au zaidi, mwanamke sawa na mwanamume. Ndugu wa kunyonya ziwa moja hawaoani, lakini hawarithiani. Na Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri la mirathi ya Mwislamu, iliamua kwamba kuwanyima urithi watoto wa marehemu kwa sababu walizaliwa nje ya ndoa ni ubaguzi usiokubalika chini ya Katiba.

Yule msimamizi wa nyumba hakuachwa mikono mitupu kabisa. Kifungu cha 29 chawataja ndugu, hata wa upande mmoja, miongoni mwa wanaoweza kuomba mahakama iwatengee sehemu, mradi waonyeshe kwamba marehemu alikuwa akiwatunza mpaka kufa kwake. Ombi hilo halisikizwi baada ya hati ya usimamizi wa mirathi kuthibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi sita baada ya hati kutolewa. Anayeomba hati ya marehemu asiyeacha wosia hutakiwa kuwataja mke au mume, watoto, wazazi na ndugu walio hai. Akimficha mmoja kwa hila, mahakama yaweza kuifuta hati yenyewe. Tangazo la ombi hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye kupinga hupewa siku 30.

Njia fupi kuliko zote ilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba mwenyewe. Mtu mwenye akili timamu aliyetimiza miaka 18 aweza kuandika wosia na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili, akampa nduguye wa baba mmoja ghorofa nzima akipenda. Shahidi asiwe yule anayepewa mali, la sivyo zawadi yake itabatilika isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiopata kitu. Wosia wa mdomo nao hukubaliwa, lakini msemaji akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, maneno yale hayana nguvu tena.