Wadudu wekundu barazani: Wajue kabla ya kununua dawa

WADUDU wekundu, wadogo kama ncha ya sindano, huonekana wakati wa kiangazi wakikimbia juu ya saruji ya baraza, kwenye kuta na katika majani ya mimea iliyopandwa kando ya nyumba. Wenye nyumba wengi huwaona leo, na kesho huwa wamekwisha kufika dukani kutafuta dawa ya kuwaua.

Haraka hiyo ndiyo yenye madhara zaidi kuliko wadudu wenyewe. Baraza ni mahali ambapo watoto hucheza, mboga huchambuliwa na wageni hukaribishwa. Sumu ikipulizwa hapo bila kujua inamlenga nani, inayodhurika ni familia, na mara nyingi wadudu waliokusudiwa huongezeka badala ya kupungua.

Hali hiyo yaweza kueleweka vizuri kwa kutazama sehemu kama Kamuli, kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Katika eneo hilo la migomba na mibuni, shamba huanza mlangoni, na nyanya, mnavu au bilinganya huweza kupandwa hatua chache tu kutoka barazani. Kati ya Juni na Agosti mvua hukatika na vumbi la barabara hutanda juu ya majani. Ukame na vumbi ni marafiki wakubwa wa wadudu hawa.

Mkazi wa Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam mwenye waridi kwenye chungu au nyanya kwenye ndoo kuukuu hana tofauti na mkulima huyo, isipokuwa ukubwa wa eneo lake.

Si wadudu kamili

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba viumbe hawa, ambao kwa Kiswahili huitwa utitiri, si wadudu kwa maana ya kitaalamu. Mdudu ana miguu sita. Utitiri aliyekomaa ana miguu minane, kwa kuwa yeye ni ndugu wa buibui na kupe.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuua mbu, mende, inzi au viwavi zilitengenezwa kwa ajili ya wadudu, na nyingi kati yake hazimwui utitiri ipasavyo. Mtu anayepulizia nyanya zake dawa ya mbu anapoteza fedha na wakati huohuo anatia sumu chakula chake.

Jambo la pili ni kwamba utitiri wekundu wanaoonekana nyumbani si wa aina moja. Kwa uchache wako wa makundi manne, na kila kundi lina dawa yake, au halihitaji dawa kabisa.

Wapita njia wasio na hatia

Kundi la kwanza ni wale wanaokimbia kwa kasi juu ya saruji, mawe na kuta zilizopigwa jua. Hawa hawafumi utando na hawakai juu ya jani. Chakula chao ni chavua ya maua na viumbe wadogo kuliko wao. Hawaharibu mimea wala nyumba. Kero yao kubwa ni kwamba wakipondwa huacha doa jekundu juu ya nguo au ukuta, na mara chache huweza kumletea mtu mwasho.

Dawa yao ni maji na ufagio. Sakafu ikisuguliwa kwa maji ya sabuni na kusafishwa vumbi na chavua iliyojikusanya kwenye nyufa, wengi huondoka. Mvua zikianza, wanaobaki hupungua wenyewe.

Kundi la pili ni wale wakubwa zaidi, wenye manyoya laini kama mahameli, wanaotokea juu ya ardhi baada ya mvua za kwanza. Hao ni rafiki wa mkulima. Wakiwa wachanga hujishikiza kwenye miili ya panzi na wadudu wengine na kuwafyonza, na wakikomaa huwinda viumbe wadogo wa ardhini, wakiwamo mchwa. Kuwaua ni kumfukuza mlinzi asiyedai mshahara.

Wanaotoka kwenye banda la kuku

Kundi la tatu linastahili kuogopwa, hasa na wale wanaofuga kuku uani. Utitiri wa kuku hujificha mchana katika nyufa za banda, chini ya fito na ndani ya viota, kisha usiku hutoka kunyonya damu. Kabla ya kula huwa wa rangi ya kijivu; akishiba hugeuka mwekundu. Urefu wake haufiki milimita moja.

Kuku walioshambuliwa hupungukiwa damu, hupunguza kutaga na wengine hukataa kulala bandani. Wakiuzwa au kuchinjwa wote, utitiri wenye njaa husafiri kupitia ukuta hadi barazani na ndani ya nyumba, na huko humuuma binadamu. Anaweza kuishi miezi kadhaa bila chakula. Kwa hiyo banda tupu si banda salama.

Tiba huanzia kwenye banda, si kwenye kiti cha barazani. Matandiko yote huondolewa na kuchomwa moto, nyufa humwagiwa maji yanayochemka, kuta huzibwa na kupakwa chokaa, na majivu makavu huwekwa mahali kuku wanapojigaragaza. Kazi hiyo hurudiwa baada ya wiki moja, kwa sababu mayai yaliyosalia huwa yameanguliwa. Ikibidi kutumia dawa, iwe ile iliyoruhusiwa kwa kuku kwa ushauri wa ofisa mifugo.

Adui wa nyanya na waridi

Kundi la nne ndilo linaloleta hasara kubwa kuliko yote. Huyu ni utitiri mwekundu wa mimea, mwenye urefu wa karibu nusu milimita, anayeishi upande wa chini wa jani. Hutoboa chembe za jani na kufyonza utomvu wake. Dalili ya kwanza ni vidoti vyeupe au vya njano upande wa juu. Baadaye jani hugeuka rangi ya shaba, hukauka na kupukutika, na mmea hufunikwa na utando mwembamba kama wa buibui.

Uzazi wake ndio silaha yake. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 100 katika maisha yake. Joto likifika nyuzi 30 za Selsiasi, yai huweza kuwa utitiri mzima katika muda wa takriban wiki moja hadi siku 10. Kukiwa na baridi, muda huo huongezeka mara mbili au zaidi. Ndiyo sababu mmea ulioonekana mzima wiki iliyopita unaweza kukutwa umekauka wiki hii.

Katika jamii hiyo wamo wenyeji na wageni. Mibuni ina utitiri wake, ambaye hukaa upande wa juu wa jani na kulifanya lionekane limeungua, hasa karibu na barabara zenye vumbi. Kwa kawaida mvua humwondoa, na mbuni hupona.

Mgeni mkorofi ni yule anayeitwa kitaalamu Tetranychus evansi, ambaye asili yake ni Amerika Kusini. Aliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979, akaenea katika nchi za kusini mwa Afrika, na mwaka 2001 akaripotiwa Kenya. Hupenda mimea ya ukoo wa nyanya: nyanya yenyewe, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, tumbaku na mnavu. Kwa kuwa mnavu huota pia kama gugu, mche mmoja uliosahauliwa nyuma ya nyumba unatosha kumhifadhi hadi msimu mwingine wa nyanya.

Kwa nini dawa huwazidisha

Wengi hushangaa kuona kwamba baada ya kupulizia dawa utitiri hupungua kwa siku chache, kisha hurudi kwa wingi kuliko mwanzo. Sababu zake zinafahamika.

Katika bustani wamo utitiri wawindaji na wadudu wadogo, ambao hula utitiri waharibifu. Dawa kali zinazoua kila kitu, hasa zile za jamii ya pairethroidi, huwamaliza walinzi hao kwanza. Adui aliye chini ya jani, ndani ya utando wake, hunusurika. Mayai yake nayo mara nyingi hayaguswi. Yanapoanguliwa, vifaranga hukuta hakuna wa kuwala.

Aidha, utitiri hujenga usugu haraka kwa sababu vizazi vyake hufuatana upesi. Dawa moja ikitumiwa mfululizo, wachache waliostahimili ndio wanaozaa, na baada ya misimu michache dawa hiyo huwa kama maji.

Ipo pia hatari kwa afya. Dikofoli, dawa iliyotumika kwa miaka mingi duniani kuua utitiri na ambayo hutengenezwa kutokana na DDT, iliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya kemikali za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm, kwa kuwa hudumu kwa muda mrefu katika mazingira na kujilimbikiza ndani ya miili ya viumbe.

Afrika imekwisha kushuhudia kwamba njia nyingine inawezekana. Utitiri wa kijani wa mihogo, naye pia mgeni kutoka Amerika Kusini, aligunduliwa Uganda mwaka 1971 na kuenea katika nchi zinazolima muhogo. Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) hawakuwaambia wakulima wanunue dawa. Walileta kutoka Brazil utitiri mwindaji anayeishi katika vichipukizi vya muhogo, wakamwachia mashambani nchini Benin mwaka 1993. Kutoka huko alifikishwa katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, na uharibifu ukapungua bila mkulima kutoa hata senti moja.

Nchini Kenya, mashamba ya waridi hutumia utitiri wawindaji wanaofugwa kibiashara, na kituo cha utafiti cha ICIPE cha Nairobi kimechangia kupatikana kwa kuvu anayeshambulia utitiri bila kudhuru mimea.

La kufanya nyumbani

Kwa mwenye bustani ndogo, hatua ya kwanza ni kumtambua mhusika. Weka karatasi nyeupe chini ya jani na ulipige kidogo kwa kidole. Ukiona vidoti vinavyotembea polepole, na jani lina madoa na utando, adui ni utitiri wa mimea. Ukiona vinakimbia sakafuni tu huku mimea ikiwa mizima, chukua ufagio. Ukiumwa usiku na nyumba ina banda la kuku, kagua banda.

Utitiri wa mimea akithibitika, kata majani yaliyoshambuliwa sana, yatie ndani ya mfuko na kuyachoma au kuyafukia; usiyatupe kwenye jalala la jirani. Kisha nyunyiza maji kwa nguvu upande wa chini wa majani yaliyobaki, asubuhi, kwa siku kadhaa. Mmea unaomwagiliwa vya kutosha huvumilia mashambulizi kuliko ule wenye kiu.

Wakiendelea, changanya vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji isiyo na viungo vikali katika lita 1 ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku mbili. Lisipoungua, pulizia upande wa chini wa majani wakati wa jioni, na kurudia kila baada ya siku tano, mara tatu. Sabuni humwua yule tu iliyemgusa na huacha mayai, kwa hiyo anayepulizia mara moja na kuacha amefanya kazi bure. Mafuta ya mwarobaini nayo hutumika kwa utaratibu huohuo.

Dawa ya dukani iwe hatua ya mwisho. Kibandiko kieleze wazi kwamba inaua utitiri, imesajiliwa, na ni siku ngapi zinapaswa kupita kabla ya kuvuna. Usajili nchini Tanzania husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2020. Dawa iliyopimwa ndani ya chupa ya soda na kuuzwa bila kibandiko isinunuliwe, hata ikiwa rahisi kiasi gani. Chupa kama hiyo, ikiachwa barazani, huonekana kwa mtoto kuwa ni kinywaji.

Mwisho wa kiangazi mvua zitanyesha, vumbi litaoshwa na wengi wa utitiri hao watatoweka. Sumu iliyomwagwa kwenye udongo wa bustani na kwenye sakafu ya baraza haina hakika ya kuondoka nao. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetumia dakika tano kutazama chini ya jani anaokoa fedha yake, mboga zake na pengine afya ya watoto wake.