Boriti Inayohama Chumba

Katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, juu ya mlango wa jiko la uani, kuna boriti fupi yenye mabaki ya rangi nyekundu. Rangi hiyo ilinisumbua. Nani ataremba boriti ya jikoni, penye moshi na masizi?

Mzee anayeikarabati nyumba hiyo, fundi aliyerithi uashi kwa baba yake, aliigonga kwa nyundo, akasikiliza mlio, ndipo akajibu. Boriti hii haikuzaliwa hapa, anasema. Ilianzia ghorofani, kwenye dari ya chumba cha wageni. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, upana wa mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyovipima. Nayo mara nyingi huanza kuoza kichwani, pale inapoingia ukutani na kukutana na maji ya mvua. Katikati hubaki ngumu. Fundi mwenye akili haitupi. Hukata kichwa kilichooza, na boriti isiyofika tena ukuta wa pili wa chumba huhamishiwa ushorobani. Ikioza tena hukatwa tena, ikapanda juu ya dirisha, kisha juu ya mlango. Nilizipapasa ncha zake: moja imekatwa kwa shoka, nyingine kwa msumeno. Mafundi wawili, pengine vizazi viwili, na kila mmoja aliona bado kuna mti wa kutumika.

Mawe ya ukuta ulioanguka nayo hayatoki uani. Makubwa yanarudi ukutani, vipande vinajaza mapengo.

Saruji ndiyo inayomuudhi. Chokaa hupumua, anasema, ukuta ukalowa na kukauka. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unafungwa ndani, chumvi inaubabua, na maji yanaishia kwenye vichwa vya boriti. Lakini saruji iko kila duka na hukauka upesi. Mpangaji anayevujiwa usiku siwezi kumlaumu.

Mji huu uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Kama jumba la Sultani halikusalimika, nyumba ya mjane wa vichochoroni itashikwa na nani?

Na boriti ndefu mpya zitoke wapi, nasi tunaihitaji mikoko isimame pwani? Mzee hakunijibu hilo. Alirudi kwenye shimo la chokaa, akaikoroga kwa mti mrefu. Anataka ilale humo miezi kadhaa ndipo aitumie. Mwenye nyumba anataka kazi iishe kabla ya masika. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana.