Msumeno wa Mkanda: Usiuze Mashine Kabla ya Kuirekebisha



Fundi mmoja wa wilaya ya Mufindi alitaka kuuza mashine yake. Mashine yenyewe ilikuwa mpya. Ni ule msumeno wa mkanda unaotumia umeme, mdogo, wa bei nafuu. Aliununua kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Alikuwa amepata kazi ya kutengeneza madawati 40 ya shule ya msingi. Wiki ya kwanza mikanda mitatu ilikatika. Mbao alizopasua zilitoka zimepinda. Siku ya kurudisha mkopo inakaribia, na dawati hata moja halijasimama.

"Mwalimu," akaniambia, "nimeuziwa sanamu ya mashine."

Fundi huyu alisoma katika darasa letu la kisomo. Kiswahili anasoma vizuri. Lakini kijitabu kilichokuja na mashine kimeandikwa kwa Kiingereza, akaniomba nimsomee. Mimi si seremala. Chuo cha ualimu tulifundishwa randa na msumeno wa mkono, basi. Kwa hiyo tukamwita mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Tukakaa jioni tatu, mimi nasoma, mzee anaeleza, fundi anashika spana. Kumbe mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa haijarekebishwa. Mashine ya bei kubwa huwa imerekebishwa na kiwanda kabla hujaichukua. Hii ya bei nafuu kazi hiyo umeachiwa wewe mnunuzi.

Haya, tuone mashine hii inavyofanya kazi.

Kuna magurudumu mawili, moja juu na jingine chini. Kila gurudumu limevishwa mpira. Mkanda wa chuma wenye meno umezungushwa juu ya magurudumu hayo, umeungwa, hauna mwanzo wala mwisho. Mota huzungusha gurudumu la chini kwa belti. Mkanda unashuka kupitia tundu la meza, na hapo ndipo ubao hukatwa. Juu ya meza na chini yake kuna vishikio: viwili vya ubavuni, kushoto na kulia kwa mkanda, na kimoja cha nyuma ambacho mara nyingi ni beringi.

Mikanda kukatika si jambo geni. Mwingereza William Newberry alipata hati ya ugunduzi wa msumeno huu mwaka 1808. Lakini kwa muda mrefu haukufaa kitu, kwa sababu mikanda ya siku zile ilikatika pale ilipoungwa. Mwaka 1846 mama mmoja wa Ufaransa, Anne Paulin Crépin, alipata njia bora ya kuunga. Ndipo mashine ikaanza kuenea. Basi fundi wetu alikuwa analia kilio cha zamani.

Kosa lake lilikuwa hili. Alidhani vishikio ndivyo vinavyoushika mkanda usichomoke. Kila mkanda ulipoyumba, yeye alikaza vishikio. Ulipoyumba tena, akakaza tena. Mkanda ukasuguana na chuma mchana kutwa, ukapata moto, ukakatika. Hapana! Mkanda hushikwa na magurudumu. Vishikio kazi yake ni kuuzuia mkanda usisogee pale tu ubao unapousukuma. Mashine ikizunguka bila ubao, mkanda usiguse kishikio chochote. Jambo hili ukilielewa, nusu ya kazi umemaliza.

Sasa tuanze. Kwanza chomoa waya kwenye soketi. Nasema chomoa, siyo kuzima swichi tu. Mtoto anaweza kubonyeza swichi wakati vidole vyako viko ndani.

Legeza vishikio vyote, vya juu na vya chini, virudishe nyuma mbali na njia ya mkanda. Watu wengi hawataki kufanya hivi, wanaona ni kujiongezea kazi. Lakini ukiviacha vimebana, huwezi kujua mkanda unataka kwenda wapi.

Fungua milango ya magurudumu. Futa grisi ya kiwandani kwenye vyuma. Tazama mpira wa kila gurudumu: umekaa sawa? Umeshika unga wa mbao? Kwetu Mufindi tunapasua paina, na paina ina utomvu mwingi. Utomvu ukichanganyika na unga huganda juu ya mpira kama vifungo, na mkanda ukipita juu yake huruka. Ukwangue kwa kijiti au brashi. Usitumie petroli, itaharibu mpira.

Chukua ubao mrefu ulionyooka kabisa, uegemeze kwenye kingo za magurudumu yote mawili. Ukigusa la juu na la chini sawasawa, vizuri. Kama moja limeingia ndani kuliko jingine, soma kijitabu uone bolti za kulisogeza. Kwa mashine ya fundi wetu magurudumu yalikuwa sawa, tukapita.

Vaa glovu, uvalishe mkanda. Meno yawe mbele, yakutazame wewe, na ncha zake zielekee chini. Mkanda mpya mara nyingine huja umegeuzwa ndani nje. Ukiuvalisha utaona meno yanatazama juu. Usirudishe dukani! Ushike kwa mikono miwili uugeuze kama unavyogeuza mkono wa shati. Pia pitisha kidole cha glovu mgongoni mwa mkanda, pale ulipoungwa. Ukikuta kinundu, kisawazishe kwa jiwe la kunolea. Kinundu hicho ndicho kinachopiga tak, tak, tak mashine inapozunguka.

Kaza mkanda kwa ule mkono wa juu unaoinua gurudumu. Ukaze kiasi gani? Mashine nyingi zina kipimo cha kuchorwa, lakini kwenye mashine za bei nafuu mimi sikiamini sana. Mzee alitufundisha hivi: inua kishikio cha juu mpaka kiwe kama sentimita 15 kutoka mezani. Sukuma ubavu wa mkanda kwa kidole, kwa nguvu ya kawaida. Ukisogea kama milimita 5 au 6, inatosha. Ukisogea zaidi umelegea, na mbao zitapinda. Usiposogea kabisa, umekaza mno.

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa, yaani kuuweka mkanda njiani. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole, huku unatazama. Mkanda unapita katikati ya mpira? Au unatambaa kuja mbele, au kwenda nyuma? Nyuma ya gurudumu la juu kuna kirungu cha kulilaza gurudumu. Mkanda ukija mbele, laza kichwa cha gurudumu nyuma kidogo. Ukienda nyuma, kilete mbele. Kidogo maana yake robo ya mzunguko wa kirungu, siyo zaidi. Kisha zungusha tena kwa mkono, mizunguko mitano sita, utazame. Sisi ilituchukua karibu saa nzima. Fundi akakasirika, akaenda kunywa chai, akarudi. Mkanda ukitulia, kaza nati inayokifunga kirungu hicho. Mimi mwenyewe siku ya pili niliisahau nati ile. Tulipowasha, kirungu kikajizungusha, mkanda ukachomoka, ukapiga mlango kwa kishindo. Ahsante mlango ulikuwa umefungwa. Tangu hapo nikaelewa kwa nini kijitabu kinasema: funga milango kabla ya kuwasha, hata kama ni kujaribu tu.

Washa sekunde chache, zima, tazama tena. Mashine ikitetemeka sana, angalia belti ya mota. Belti iliyokaa imekunjwa ndani ya boksi miezi mingi hubaki na kona, nayo huitikisa mashine. Angalia pia kama miguu imekaa sawa kwenye sakafu.

Baada ya hapo tu ndipo unarudisha vishikio. Chomoa waya tena. Chukua kipande cha karatasi ya daftari. Sogeza kishikio cha ubavuni mpaka karatasi ipite kwa shida kidogo kati yake na mkanda, kisha kaza. Fanya hivyo upande wa pili. Vishikio hivi vikae nyuma ya meno. Vikigusa meno vitayala, na mkanda utakuwa umekwisha. Beringi ya nyuma nayo iachiwe nafasi ya karatasi. Usisahau vishikio vya chini ya meza. Fundi wetu hakuwahi hata kujua kwamba vipo!

Weka skwea mezani, iguse ubavu wa mkanda. Mwanga ukipita kati yake, meza imelala. Isawazishe.

Je, sasa ubao utakatwa umenyooka? Bado. Kila mkanda una tabia yake, unapenda kuvuta upande mmoja kidogo. Chukua ubao wa kama sentimita 60 wenye ukingo ulionyooka. Chora mstari unaokwenda sambamba na ukingo huo. Pasua ukifuata mstari kwa mikono tu, bila ubao wa kuongozea. Utaona kwamba ili ubaki kwenye mstari, ni lazima uulaze ubao kidogo. Ukifika katikati, simama, ushikilie ubao usisogee, mwenzako azime mashine. Subirini mkanda usimame kabisa, maana huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa. Chora mstari mezani kwa penseli kufuata ukingo wa ubao. Huo ndio mwelekeo wa mkanda wako. Weka ubao wa kuongozea uufuate mstari huo. Ukibadilisha mkanda, pima upya. Lakini kama mkanda unavuta upande mmoja mno, jua meno ya upande mmoja yamekuwa butu. Hapo hakuna marekebisho, nunua mwingine.

Kuhusu kuchagua mkanda nitasema kwa ufupi. Mkanda wa nusu inchi ni wa kunyoosha. Wa robo inchi ni wa kukata mviringo. Kupasua mbao nene tumia meno machache, kama 3 kwa inchi, ili unga upate nafasi ya kutoka. Mbao nyembamba zataka meno mengi zaidi, angalau meno 3 yawe ndani ya ubao kwa wakati mmoja. Na muuzaji akikuambia mashine yako ndogo inabeba mkanda wa robo tatu inchi, mimi ningebaki na nusu. Fremu nyepesi haiwezi kuukaza mkanda mpana inavyotakiwa.

Wakati wa kupasua, shusha kishikio cha juu mpaka kibaki kidogo tu juu ya ubao. Usivae glovu mashine ikiwa inazunguka, zinaweza kunaswa. Vidole visikaribie mkanda, sukuma kwa kijiti. Gogo la mviringo usilipitishe bila kulitengenezea kitako, litajiviringisha na kuvuta mkono wako. Ukikwama katikati ya kona usirudishe ubao mashine ikizunguka, utauchomoa mkanda. Na ufunike pua. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta kansa kwa binadamu. Mafundi wetu wengi wanalivuta kila siku, na wengine wanacheka ukiwaambia.

Mkanda wa nne haukukatika. Ubao wa kwanza ulipotoka, fundi aliuweka jichoni kama mtu anayelenga bunduki, akautazama, akaugeuza, akautazama tena. Mzee akamwambia, "Baba, pasua wa pili, madawati ni arobaini." Yalichelewa siku nne, shule ikayapokea.

Kila jioni fundi huyo huulegeza mkanda ili springi na mipira visichoke. Lakini ukiulegeza jioni unaweza kusahau asubuhi ukawasha. Kwa hiyo ameandika kwenye kipande cha boksi kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa: MKANDA UMELEGEZWA. USIWASHE. Hukitundika juu ya swichi akifunga karakana. Kijana wake wa kazi hajui kusoma bado, nimemwandikisha darasa la Jumatatu.