Divai ya Choya: Kinachotendeka Ndani ya Ndoo

Kwa Mtanzania anayetaka kujifunza kutengeneza divai nyumbani, choya, ambayo wengine huiita rosela, ni mwanzo mwepesi. Maua makavu hupatikana sokoni, sukari ipo dukani, na hakuna haja ya shamba la mizabibu kama yale ya Dodoma. Wepesi huo ndio unaowafanya wengi wasahau kwamba kazi yenyewe ni ya kibiolojia, na kwamba anayeifanya si binadamu.

Mfanyakazi huyo ni hamira, kuvu wa seli moja. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai, si badiliko la kikemia linalojiendea lenyewe kama walivyodai baadhi ya wakemia wa zama zake. Hamira ikikosa oksijeni huivunja sukari na kuacha ethanoli, yaani kileo, pamoja na hewa ya ukaa.

Kwa anayeanza, lita 5 zinatosha. Gramu 100 za choya huchemshwa dakika chache na kuchujwa. Kilo 1 ya sukari huyeyushwa humo, kisha maji huongezwa hadi kufikia lita 5. Hamira hutiwa baada ya mchanganyiko kupoa na kuwa vuguvugu, kwa maana moto huiua. Mfuniko wa ndoo hutobolewa na kupitishwa mpira mwembamba, ambao ncha yake ya nje huzamishwa katika kikombe cha maji. Hewa ya ukaa hupata njia ya kutoka, na bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki hunyimwa oksijeni.

Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia 1 ya kileo. Hapa zipo gramu 200 kwa lita. Zikichachuka zote, divai hukaribia asilimia 12. Chupa moja ya mililita 750 basi hubeba karibu gramu 70 za ethanoli, ilhali bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 hubeba gramu 20 hivi. Mwenyeji anayewajazia wageni bilauri za kinywaji chekundu kinachofanana na sharubati huwapa kipimo ambacho hata yeye hakijui. Mtu aliyezoea bia mbili akinywa chupa nzima, amekunywa karibu bia nne.

Jambo la pili ni hewa. Kilo hiyo moja ya sukari hutoa zaidi ya lita 200 za hewa ya ukaa. Hamira ya mikate hufanya kazi, ila mara nyingi huchoka kileo kinapopanda na kuacha sukari nyuma yake. Mtengenezaji huona povu limetulia, hujaza chupa na kuziba. Siku ya joto kali hamira iliyosalia huamka, na chupa ya glasi hupasuka. Kigae kidogo kikiingia jichoni chaweza kumwachia mtu upofu. Haidromita, kipimo cha glasi kinachoelea, ndiyo ya kuaminiwa kuliko macho: ikisoma vilevile kwa siku kadhaa mfululizo, na usomaji huo ni mdogo kuliko wa maji, sukari imekwisha.

Chombo nacho kina historia yake. Mwaka 1767 daktari George Baker alieleza kwamba msokoto wa tumbo uliowasumbua wakazi wa Devon, Uingereza, ulitokana na risasi iliyoyeyuka katika pombe yao ya matufaha. Choya ina asidi nyingi vilevile. Ndoo iwe ya plastiki ya chakula au ya chuma cha pua. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea halifai hata likioshwa mara kumi.

Hofu inayosikika zaidi ni ya methanoli. Matunda yenye pektini huizaa kidogo yanapochachuka, na kiasi hicho katika divai ya kawaida hakileti sumu. Maafa huja mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili kinywaji “kikolee”. Nchini Italia mwaka 1986, watu zaidi ya 20 walikufa kwa divai iliyotiwa methanoli kwa makusudi. Kukeneka divai nyumbani ili kupata gongo ni hatari nyingine, na si burudani ya anayeanza.

Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara yoyote. Mjamzito, mgonjwa wa ini na anayetumia dawa za kifua kikuu hawapaswi kuonjeshwa. Mwenye pumu naye aulize kwanza iwapo salfaiti imetumika, kwani yaweza kumbana kifua.

Sumu ya methanoli hujificha. Mnywaji huweza kuonekana amelewa tu, kisha saa 12 hadi 24 baadaye akapatwa na maumivu ya tumbo, kutapika, kuhema kwa kasi na kuona ukungu, huku asidi ya fomiki ikiharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Huyo asiachwe alale ili “pombe imtoke”. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenye mabaki ichukuliwe pamoja naye.