Pete za Rezini, Kazi ya Nyumbani

Rezini ya epoksi ni maji mazito ya namna mbili: utomvu wenyewe, na dawa ya kuugandisha. Sisi mara ya kwanza tulikadiria kwa macho. Siku ya pili pete zilikuwa zingali zikinata kama asali, tukazitupa zote. Basi pimeni sawasawa na maandishi ya chupa, korogeni polepole mapovu yasiingie, mkamimine katika kalibu ya silikoni, isiyoshikamana na rezini. Kwa kawaida saa 24 zatosha. Lakini, enyi akina mama, vaeni glavu, fungueni madirisha, watoto wakae mbali: rezini mbichi huweza kuidhuru ngozi, na ngozi iliyokwisha kuikataa huikataa daima. Kingo zisugueni kwa msasa uliolowa maji, vumbi lisiruke.