Furu ni Furu?

Ukishuka Igogo, hapa Mwanza, kuelekea ziwani asubuhi, hutakosa mama aliyepanga samaki waitwao furu mafungu mafungu kwenye sinia. Muulize ni furu wa aina gani. "Furu ni furu, baba. Nikufungie mafungu mangapi?"

Kwa upande wa sufuria hajakosea. Ila wataalamu wanakadiria kuwa Ziwa Victoria limekuwa na aina zipatazo 500 za furu, na nyingine zimefanana hadi jicho linasalimu amri. Hapo husomwa DNA, ule mfuatano mrefu wa herufi nne: A, C, G na T. Ikishasomwa, ndipo kazi yenyewe inapoanza: kulinganisha.

Tuchukue maneno tunayoyajua. Huku kwetu ziwa ni Nyanza. Kusini wanasema Nyasa. Herufi inayolingana tuipe 1, isiyolingana tutoe 1, na kila pengo tutoe 2. Ukiyapanga kuanzia kushoto bila kuwaza, Nyasa inaishiwa herufi mapema na jumla inakuwa hasi 1. Sasa acha pengo katikati:

N Y A N Z A
N Y A – S A

Jumla inapanda hadi 1, na undugu wa maneno unaonekana. Katika DNA pengo hilo lina maana: kuna herufi ilipotea upande mmoja, au iliongezeka upande wa pili. Pengo linatozwa faini kwa sababu likiwa la bure, chochote kitalingana na chochote.

Kwa herufi sita unatumia kidole. Kwa mifuatano miwili ya herufi 100, njia za kuipanga ni nyingi hadi idadi yake ina tarakimu zaidi ya 50. Mwaka 1970 Saul Needleman na Christian Wunsch walionyesha njia ya mkato: chora jedwali, mfuatano mmoja juu, mwingine pembeni, na, kwa namna inavyofundishwa leo, kila chumba kipate alama yake kutoka kwa majirani watatu tu, wa juu, wa kushoto na wa mshazari. Vyumba 10,000 hivi, basi, na jibu ni bora kwa uhakika. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya hesabu nzuri kuliko zote za karne ile. BLAST, programu ya mwaka 1990, ilikwepa hata jedwali zima: inatafuta kwanza vipande vifupi vinavyofanana, kisha inavirefusha. BWA ya 2009 inatengeneza faharasa ya jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe, kisha inapachika mamilioni ya vipande vifupi kila kimoja mahali pake.

Faharasa hiyo huhitaji jenomu ya kuanzia, na furu anayo. Pundamilia nyererei, furu mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, jenomu yake ilichapishwa 2014. Ndugu yake wa bluu huishi karibu na uso wa maji, yeye huishi chini zaidi, kwenye mwanga mwekundu. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walilinganisha jeni ya jicho inayohusika na mwanga huo katika furu wa visiwa vya Mwanza. Herufi chache tu zilitofautiana, na zilifuata kina cha maji. Kwenye kisiwa cha Luanso, ambako maji ni ya tope, furu hao hawachaguani tena kwa rangi, wamechanganyika. Baadaye, mwaka 2017, ulinganishaji wa jenomu ulionyesha kwamba matoleo mawili ya jeni hiyo yalitoka kwa koo mbili za kale za samaki wa mito zilizozaliana.

Tahadhari moja: jedwali la Needleman na Wunsch halijui kukataa. Lipe furu na maharage, litakupangia mistari na kukupa alama. Kuamua kama undugu ni wa kweli ni kazi ya mtu.

Na kulinganisha kunataka wawili. Sangara, samaki anayekula furu, alipotamalaki miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka kabla DNA yao haijasomwa. Waliobaki kwenye chupa za makumbusho wamelowekwa formalini, ambayo huharibu DNA. Kwa hiyo wewe wa Igogo, siku ukikuta kwenye sinia furu wa rangi usiyowahi kuiona, usikimbilie mafuta. Wapigie hodi TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Nyegezi kwanza.